Silva Bado

Jumanne, 3 Juni 1997

Kijiko cha sita. Kibaya. Nimepaka silva ya mabati, ile ya kopo kutoka duka la vifaa vya ujenzi, kwa brashi ndogo aliyoiacha mwanangu Koku. Imekauka na punje zake zimesimama juu kama mchanga. Ukikitazama unaona tenki la maji. Unaona msalaba wa kaburini. Huoni gari.

Najaribia kwenye vijiko vya plastiki kwanza, kwa sababu gari lenyewe ni moja tu na aliyeliunganisha hayupo.

Miaka kumi na saba nimechanganya rangi za vitenge kiwandani. Walikuwa wananiletea kipande cha kitambaa cha ukubwa wa kidole gumba, wanasema tunaitaka hii, na kabla ya kengele ya jioni wameipata. Halafu kiwanda kikauzwa, mwekezaji akaleta mashine ya kuchanganya, nikapunguzwa pamoja na wenzangu wote wa chumba cha rangi. Sawa, hayo yamepita. Lakini nishindwe na silva ya gari la kuchezea? Hilo linaniudhi kuliko mwekezaji.

Shemeji Projestus hajaleta gari kubwa. Wiki hii tena.

Alhamisi, 5 Juni

Niandike vizuri, nisije nikasahau hasira hii inatoka wapi.

Magari ni mawili. Kubwa ni saluni ya Kijapani, mtumba, tuliyoinunua mimi na marehemu mume wangu Deus mwaka magari yalipoanza kuingia kwa wingi. Rangi yake ya fedha. Dogo linaenea kiganjani, la plastiki nyeupe, la aina ileile. Deus alipewa na mhandisi mgeni aliyekuja bandarini kufufua injini za meli. Lilikuja vipande vipande ndani ya boksi, pamoja na kichupa cha silva kilichokwisha kukauka. Deus aliunganisha kila kitu kwa subira ambayo mimi mkewe sikuwahi kuonyeshwa. Antena ya waya wa shaba. Namba zetu mbele na nyuma. Rangi tu ndiyo hakuipata.

Juu ya paa la lile dogo amekwaruza kwa msumari wake wa kuchorea chuma: SILVA BADO. Ndivyo walivyofanya kwenye karakana ya bandari. Mashine isiyokamilika inaandikwa BADO, mtu asije akaiwasha ikamkata mkono. Tabia hiyo aliileta nyumbani. Mlango wetu wa choo ulikuwa na BADO ya chaki mwaka mzima.

Agosti mwaka jana alianguka pale karakanani, hakuamka. Siku ya kuondoa matanga mdogo wake, shemeji Projestus, aliomba gari awarudishe wazee Bukoba. Wiki moja tu. Kadi ya gari ilikuwa humo humo ndani. Mimi sijui kuendesha, na kichwa changu siku ile hakikuwa changu. Nikasema chukua, shemeji. Tangu hapo, mara giaboksi, mara tairi, mara fundi amesafiri. Miezi kumi.

Jumapili, 8 Juni

Nimemkuta Projestus nje ya kanisa. Amenishika mkono kwa mikono yake miwili kama anayetoa rambirambi. "Shemeji, wiki ijayo bila wasiwasi." Ana viatu vipya.

Kijiko cha tisa nilikipaka vanishi juu ya silva, ili ing'ae. Silva yote imezama. Imebaki rangi ya uji wa jana. Na bila vanishi haikai, inahamia kwenye vidole. Kitabu changu cha nyimbo kina alama za vidole vya silva kuanzia Kwaresima hadi Pasaka, na jirani wa benchi alikuwa ananitazama kama niliyeiba kengele ya altare.

Nimechukia silva. Nimechukia viatu vile.

Jumamosi, 14 Juni

Brashi basi. Brashi inaacha njia, na kwenye gari la ukubwa wa kiganja njia moja ya brashi ni korongo. Leo nimetumia pampu ya dawa ya mbu. Nimeiosha kwa sabuni mara tatu, nikatia silva na petroli kidogo. Inatema. Inatoa matone mawili, inapumzika, inatoa kumi. Kijiko cha kumi na moja kina surua.

Cha kumi na mbili kilitoka afadhali. Nikakianika juu ya jiwe nyuma ya nyumba. Upepo ukageuka kutoka ziwani, wingu la wadudu wale wadogo likapanda mpaka huku Kiseke, wakatua kwenye kijiko changu. Ziwa lote lile, mawe yote haya ya Mwanza, wao wametafuta kijiko. Nilikaa chini nikacheka kwa hasira mpaka jirani akauliza kama nimepata msiba mwingine.

Jumanne, 17 Juni

Nimekwenda Mabatini kwa Fundi Masanja, mpiga rangi za magari. Ndiye aliyenyoosha madigadi yetu Deus alipogonga jiwe hapa kona ya nyumbani. Mtu mkubwa, mtaratibu, anasema "langi" na hajali. Nikamwekea vijiko kumi na vinne mezani. Nilikuwa nimejiandaa kugombana naye akicheka. Hakucheka. Alivichukua kimoja kimoja akavitazama kwenye mwanga.

Kasema hii ni silva ya bati, Mama Koku. Imetengenezwa ielee juu irudishe jua. Ukiifunika inakufa. Silva ya gari inalala ndani ya rangi, ndiyo maana inakubali kufunikwa.

Halafu kasema, "Na chini uweke nyeusi inayong'aa. Silva bila nyeusi chini ni sufuria."

Miaka kumi na saba na hilo silijui. Kwenye kitambaa chini kunakuwa kweupe.

Akaingia ndani, akarudi na kopo dogo lenye namba ya gari letu kwenye kifuniko. Mabaki ya silva aliyoichanganya kwa ajili ya madigadi. Amelitunza miaka mitatu. Nilitaka kumshukuru. Ndipo akasema, kwa nia njema kabisa, nilichukue lote tu, maana kwenye gari kubwa halina kazi tena tangu shemeji yangu alipolileta mwezi wa nne lipakwe nyeupe.

Alidhani nimemtuma mimi.

Nimerudi nyumbani nimeshika kopo kwa mikono miwili. Njia siikumbuki.

Alhamisi, 19 Juni

Nimekwenda Usagara. Lipo. Jeupe. Linabeba watu kutoka njia panda kwenda Misungwi, teksi bubu, watu watano nyuma na kuku kwenye buti. Projestus mwenyewe ndiye aliyeshika usukani, na kava la usukani nililishona mimi. Rangi imepigwa ovyo. Abiria alipofungua mlango, kwenye ukingo wa ndani silva yetu bado inachungulia. Nimepaona. Naye ameona kwamba nimepaona.

"Shemeji," akasema, "nyeupe haichukui joto."

Nikamuuliza gari langu linarudi lini. Akasema mambo ya ukoo hayazungumzwi stendi. Akaendelea kuita abiria.

Sikulia. Nilinunua hindi la kuchoma nikalitafuna nimesimama palepale, namtazama, mpaka akaondoka yeye. Meno yananiuma mpaka sasa.

Jumatatu, 23 Juni

Thina ya gari, ya kuzimulia rangi, inakula plastiki. Kijiko cha kumi na saba kimekunjamana kama uso wa bibi. Masanja hakuniambia, kwa sababu yeye anapaka chuma. Na mimi kwa hasira na haraka zangu nilikuwa nimeshapuliza nyeusi kwenye buti la gari lenyewe. Nikalishika lile gari nikamwambia Deus samahani, kwa sauti, mchana kweupe.

Nikakimbia Mabatini. Masanja akanipa mafuta ya breki kwenye chupa ya soda. Loweka, ngoja, sugua kwa mswaki. Ni kweli. Rangi imenyanyuka kama ngozi ya maziwa, plastiki ikabaki nyeupe vilevile. Buti limepona, ila kuna alama ndogo pembeni. Ningekuwa mtu mwenye akili ningeacha hapa.

Sina akili. Nina shemeji.

Jumamosi, 28 Juni

Leo nimekumbuka kazi yangu. Nilijisahau.

Silva ya Masanja ni nzuri, lakini ni ya gari kubwa. Punje zake kwenye gari kubwa huzioni. Kwenye dogo kila punje ni kama sarafu iliyobandikwa mlangoni. Ndiyo kasoro yenyewe siku zote hizi. Rangi ni sawa, punje ndizo hazilingani na gari.

Kiwandani rangi ya unga ikija na chenga tulikuwa na njia tuliyoiita kuchuja kwa kungoja. Unakoroga kwenye maji, unaacha, nzito zinashuka zenyewe, unachota ya juu tu. Nimefanya hivyo hivyo. Silva, thina nyingi, gilasi ndefu, na saa ya Deus mezani. Robo saa. Nikachota ya juu kwa kijiko. Nikaiacha ituame tena kutwa nzima, nikamwaga thina ya juu. Chini kumebaki tope la silva laini, ukilisugua kati ya vidole huhisi kitu.

Mashine ya mwekezaji haijui kungoja. Nimeandika hivyo kwa sababu inanifurahisha.

Ijumaa, 4 Julai

Kijiko cha ishirini na moja. Nyeusi ya kung'aa chini, imepulizwa kwa mbali, kidogo kidogo, ili thina ikauke hewani kabla ya kuuma plastiki. Siku mbili ikauke. Leo silva laini juu yake, nyepesi, mara nne, kwa bunduki ya rangi ya Masanja aliyoipunguza upepo mpaka ikawa inanong'ona. Sakafu ya gereji tuliimwagia maji vumbi lilale. Tulianza asubuhi kabla upepo wa ziwani haujaamka.

Kimetoka.

Siyo kinang'aa tu. Kina kivuli. Ukikigeuza, upande mmoja unakuwa mweupe na wa pili unaingia giza, kama mlango wa gari unavyofanya ukilizunguka juani. Masanja alikishika muda mrefu. Kasema Wahaya mna maringo, lakini hiki kijiko kinaruhusu.

Jumamosi, 12 Julai

Limekamilika. Gari dogo. Nimeliweka kwenye kabati sebuleni, mahali pale pale alipoliweka yeye, na nimekaa mbele yake bila kufanya kazi yoyote tangu saa nne hadi adhana ya mchana kule bondeni.

Ni lenyewe. Ni lile kubwa, siku tulipolitoa kwenye treni.

Kasoro moja. Ukiliinamisha dirishani, paa linaonyesha mikwaruzo. Ile SILVA BADO. Msasa nimepitisha kidogo mwanzoni, nikaacha, kwa sababu ni mwandiko wake. Nyeusi imejaza ndani ya mikwaruzo, silva imepita juu, lakini mimi nikiitafuta naiona. Mtu mwingine haoni. Masanja nilimwonyesha akasema vumbi.

Nimeiacha. Nina hasira nayo na nimeiacha.

Jumapili, 20 Julai

Mzee wetu Ta Kalumuna amekuja. Baba mdogo wa Deus, mwenyekiti wa ukoo wetu hapa Mwanza, msimamizi mstaafu wa karakana ya bandari. Ndiye aliyemtafutia Deus kazi pale. Nilimpelekea malalamiko yangu juzi. Nikampa shikamoo, nikampa kiti, nikampa ndizi. Amekula kwanza. Akatoa daftari la muhtasari wa kikao cha matanga.

Nanakili kama lilivyo:

Nyumba ya Kiseke: mjane na mtoto. Gari la fedha: mjane. Vitu vingine vyote vya marehemu: mdogo wa marehemu.

Nikasema si ndiyo hiyo, baba, gari ni langu. Yeye akatazama kabatini. Akasema Projestus anadai gari la fedha ni lile pale. La kuchezea. Na hilo kubwa limo kwenye vitu vingine vyote.

Nilidhani ni mzaha. Siyo mzaha.

Na kibaya zaidi, hana uongo mtupu. Hapa nyumbani hakuna aliyesema gari la fedha kwa lile kubwa. Lile kubwa lilikuwa "silva" tu. Silva imeoshwa? Silva ina mafuta? La fedha lilikuwa dogo, kabla hata halijaona rangi, kwa sababu Deus alipenda kuwaambia wageni kwamba ile ndiyo fedha pekee iliyobaki ndani ya nyumba yake. Projestus alikula kwenye meza hii miaka saba. Ameusikia mzaha huo mara mia. Katibu wa ukoo, mwalimu mstaafu, yeye haandiki silva, anaona ni uhuni. Ameandika Kiswahili safi. Kiswahili safi kimeninyang'anya gari.

Ta Kalumuna akasema Projestus anaapa kwamba siku ya kikao lile dogo lilikuwa kabatini, na lilikuwa la silva, alilishika kwa mkono wake. Wazee wengine wanakumbuka kuliona. Rangi hawakumbuki. Nikasema lilikuwa jeupe, nimelipaka mimi wiki iliyopita. Akaniuliza polepole nani aliniona.

Akalitazama tena. "Limependeza sana, mama." Akaondoka.

Nimelipaka vizuri mno. Nimemtengenezea Projestus ushahidi kwa mikono yangu, wiki sita, vijiko ishirini na moja.

Jumatatu, 21 Julai

Sina la kuandika ila matusi. Nimeyaandika kwenye karatasi nyingine nikaichoma.

Alhamisi, 24 Julai

Mashahidi. Masanja yuko tayari kuja kusema. Lakini Projestus atasema Masanja ni fundi wangu, nimemlipa. Na Masanja ndiye aliyelipaka lile kubwa nyeupe, kwa hiyo atamwita fundi wa kila mtu.

Daftari hili lina tarehe zote. Kijiko kwa kijiko. Lingetosha. Lakini nimelisoma tena leo tangu mwanzo, na humu Projestus hakubakiwa na nguo, na ukoo wake ndio ukoo wa mwanangu. Tena wazee wale wasome nilivyomwomba Deus samahani kwa sauti? Hapana. Halitoki humu ndani.

Jumamosi, 26 Julai

Chupa ya soda ya mafuta ya breki iko chini ya kabati. Leo asubuhi niliitoa. Nililoweke leo, Jumamosi ijayo nipeleke gari jeupe kikaoni, niseme mnaona, halijawahi kupakwa. Ningeshinda. Ta Kalumuna ameliona la silva, lakini angenyamaza, najua angenyamaza.

Nimerudisha chupa. Siyo kwa wema. Projestus anadanganya kwa ajili ya gari, na mimi sitaki kufanana naye hata kwa kitu kimoja, hata hewa nisingependa tuvute moja.

Halafu nikaliinamisha dirishani, na paa likanionyesha mwandiko wake.

Nimekuwa mjinga wiki nzima.

Jumapili, 3 Agosti

Kikao kilikuwa jana, Ilemela, nyumbani kwa Ta Kalumuna. Niandike kwa utaratibu, mkono umetulia.

Wazee watano, katibu na daftari lake, Projestus na viatu vyake. Nimeingia na kapu. Nimesalimia wote kwa magoti. Projestus alizungumza kwanza. Alizungumza vizuri, lazima niseme. Alisema marehemu kaka yake aliipenda ile kazi ya mikono kuliko kitu chochote, na kwamba ukoo kumwachia mjane kitu alichokipenda mumewe ni heshima kubwa. Sauti ilimkatika mahali panapofaa. Akasema ni yeye aliyelinyanyua kabatini siku ile, na likang'aa silva mkononi mwake.

Nikalitoa kwenye kapu, nikaliweka mezani. Jua lilikuwa linaingia mlangoni. Mzee mmoja aliinama akalitazama chini ya matairi kama anayetafuta fundi aliyejificha. Projestus akatabasamu, kwa sababu kila aliyelisifia alikuwa anamsaidia yeye.

Nikasema, baba zangu, rangi hii ni yangu. Chini ya rangi hii, juu ya paa, Deus aliandika kwa mkono wake. Naomba niitoe.

Nikatandika gazeti. Nikatoa bakuli la bati, chupa na mswaki. Projestus akacheka, akauliza kama nimekuja kuosha vyombo. Hakuna aliyecheka naye. Ta Kalumuna akasema, "Mama Koku, una hakika? Kitu kizuri hivyo."

Sikuwa na hakika. Msasa nilipitisha. Kama mwandiko umekwisha chini ya nyeusi, ningetoka pale sina hili wala lile. Nikalilaza kichwa chini ndani ya bakuli, paa likazama, nikamimina.

Rangi ile haikutaka kutoka. Tulikaa. Chai ikaletwa, ikanywewa. Mimi sikunywa. Katibu alikuwa anaandika sijui nini. Silva ilianza kukunjana pembeni mwa kioo, halafu ikapasuka, halafu ikaja yote, na nyeusi nyuma yake. Sijawahi kufanya rangi nzuri kama ile, na sidhani nitafanya tena. Nilisugua kwa mswaki. Hasira yote ya mwaka mzima ilikuwa kwenye mkono ule na bado nilisugua taratibu, kama unavyomwosha mtoto kichwa.

Nikalifuta kwa kitambaa. Plastiki nyeupe. Na nyeusi iliyokuwa imeingia ndani ya mikwaruzo haikutoka. Imebaki humo ndani, kama wino. SILVA BADO, imeandikwa vizuri kuliko alivyoiandika mwenyewe.

Nikampa Ta Kalumuna. Alivaa miwani. Hakusoma kwa sauti. Alipitisha kidole juu ya ile BADO mara mbili. Yeye ndiye aliyewafundisha vijana wa karakana kuandika hivyo, na herufi D ya Deus ilikuwa na mkia, alimgombeza miaka mingi kwa sababu ya mkia ule.

Kasema, "Huu ni mkono wa mtoto wangu. Kazi ikiisha, fundi anaifuta BADO kwanza. Alikufa silva ikiwa bado." Akamgeukia Projestus. "Wewe ulishika silva gani?"

Projestus akasema labda alichanganya, labda ilikuwa mwanga wa taa. Mzee yule wa chini ya matairi akasema matanga yaliondolewa mchana. Basi.

Ta Kalumuna akamwagiza katibu afute mstari ule, aandike upya, na aandike namba ya gari. Katibu akauliza aandike rangi gani, maana sasa ni jeupe. Akaambiwa asiandike rangi.

Nilidhani nitafurahi. Nilikuwa na hasira kuliko nilipoingia. Kitu kizuri hivyo, kwa ajili ya mtu yule.

Jumamosi, 9 Agosti

Gari limeletwa. Hakulileta yeye, amemtuma dereva mwingine. Lina harufu ya kuku. Kava la usukani limechanika. Kadi imo.

Nimelifagia, nimelifuta viti, nikakaa kiti cha abiria mlango umefungwa. Nimekaa mpaka hasira ikachoka yenyewe. Ilichukua muda.

Alhamisi, 14 Agosti

Misa ya mwaka wa Deus, asubuhi. Watu wachache. Ta Kalumuna alikaa benchi la mbele na mimi. Projestus alisimama nyuma karibu na mlango, akatoka kabla ya baraka. Sikugeuka.

Gari dogo limerudi kabatini, jeupe. Sitalipaka. Wageni wakiuliza nitawaambia ni bado.

Mchana dereva wa jirani amenipelekea lile kubwa Mabatini. Masanja alilizunguka, akabandua ganda la nyeupe kwa kucha pale kwenye ukingo wa mlango, akaionea aibu kazi yake mwenyewe. Akauliza safari hii nataka langi gani. Nikafungua mkoba nikampa kijiko, kile cha ishirini na moja. Akakigeuza juani, huku na huku. Akasema hii si ile niliyokupa. Nikasema ni ileile, nimeingoja tu. Akakiweka kwenye mfuko wa shati, akaniambia nije Jumatano na gilasi yangu nimwonyeshe.